Kuzuia wizi na uporaji mtaani: mwongozo kwa wakazi wa Mombasa

Mtaa ukishavamiwa, mambo huenda kwa njia moja, iwe ni Mwandoni, Mtongwe au Mikindani. Usiku wa pili wanaume wamejaa nje na marungu. Wiki mbili baadaye wamebaki wachache, na mwezi ukiisha hayupo hata mmoja, na wezi wanajua. Si uvivu. Doria ndiyo kazi ghali kuliko zote katika ulinzi wa mtaa: inakula usingizi wa watu wanaoamkia kazini, inawaweka hatarini, na kisheria inawapa mamlaka madogo mno. Kwa hiyo humu doria imewekwa karibu na mwisho. Linaloanza ni daftari, kisha taa, kisha wanunuzi wa vitu vya wizi, na vijana wenyewe. Mitaa mingi ikiyashughulikia hayo manne vizuri, haja ya doria hupungua yenyewe.

Pima eneo, tena liwe dogo

Serikali ilizindua mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, kwa kuiga mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania. Sheria inayozungumzia polisi jamii na kamati zake ni ile ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011. Hiyo "kumi" isikushughulishe sana. Majengo, nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba sita inaweza kuwa na familia sita, kwa hivyo nyumba kumi ni familia sitini. Nyali, nyumba kumi zenye mageti ni familia kumi ambazo huenda hazijawahi kusalimiana. Kipimo kizuri ni mwendo: mtu aweze kulizunguka eneo lote kwa miguu kwa dakika kumi, na wajumbe wazijue sura za wakazi. Familia 30 hadi 60 zinatosha. Mpaka uwe kitu kinachoonekana, kama barabara, mtaro, ukuta wa shule au msikiti, ili usiku pasiwe na ubishi kwamba "hapo si kwetu".

Chukua karatasi kubwa uchore vichochoro vyote na njia za kuingilia. Tia alama stendi ya bodaboda na tuktuk, maskani, maduka ya M-Pesa, kibanda cha skrepa, bomba la maji, magofu na majengo yasiyomalizika, taa zinazowaka na zisizowaka. Tembeeni mara mbili: mchana, na tena saa mbili usiku. Ramani ya mchana peke yake hudanganya, kwa sababu kichochoro chenye mabaraza yaliyojaa watu saa kumi jioni ndicho kinachokuwa kitupu wakiingia ndani kula.

Daftari la matukio

Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Nunua daftari gumu la kurasa 96, gawa kila ukurasa safu saba: siku na tarehe, saa, mahali hasa, kilichotokea, kilichochukuliwa, walivyokuja na walivyoondoka, namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kama tukio liliripotiwa kituoni. Mwandishi awe mmoja, na msaidizi mmoja akisafiri.

Maandishi ya aina hii hayana faida: "Mama mmoja aliibiwa usiku." Andika hivi:

"Jumanne, saa 11:10 alfajiri. Kona ya gofu la ghorofa moja, hatua 30 kutoka lami. Mama anayekwenda Kongowea kuchukua mboga. Wawili kwenye bodaboda isiyo na namba, wa nyuma akashuka na kisu. Simu na shilingi 1,500. Wakatokea upande wa barabara kuu. Taa ya kona haiwaki. OB: hakuripoti."

Katika mistari hiyo mna kazi tano tayari: taa ya kufufuliwa, gofu la kuulizia mwenyewe, bodaboda isiyo na namba ya kuulizwa stendi, wachuuzi wa alfajiri wa kupangiwa watoke pamoja, na mtu wa kusindikizwa kituoni akaripoti.

Msiandike jina la mshukiwa. Daftari likipotea, au likisomwa na mtu mbaya, jina lililomo linaweza kumuua kijana asiye na hatia, au kuwafanya ninyi mshtakiwe kwa kumchafulia mtu jina. Mashaka kuhusu mtu hupelekwa kwa afisa wa polisi kwa mdomo, na anayepeleka awe mjumbe mmoja tu.

Andikeni kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuamua lolote kubwa. Habari haitakuja yenyewe. Waulizeni watu baada ya swala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, kwenye chama, pale wanawake wanapoteka maji. Wengi walioporwa hawakuripoti, na wanawake watamwambia mwanamke mwenzao yale wasiyomwambia mzee wa mtaa. Kisha laza daftari kando ya ramani. Mara nyingi mtaa unaoamini kwamba unavunjiwa saa nane za usiku hugundua kuwa vitu vinapotea saa za Magharibi, watu wakiwa msikitini au wakishuka matatu, na tena alfajiri. Kama ndivyo, doria ya saa sita hadi saa kumi ingekuwa inalinda watu waliolala nyuma ya milango yenye komeo, huku wanaoporwa wakiporwa saa ambayo hakuna mlinzi.

Kwa chifu na kwa OCS

Andikeni barua ya ukurasa mmoja: jina la eneo na mipaka yake, majina ya wajumbe na namba zao za vitambulisho na simu, mistari mitatu ya yale daftari linayoonyesha, na maombi mawili yasiyozidi. Pelekeni kwa chifu au naibu wake, kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na nakala kwa naibu kamishna wa kaunti wa kaunti ndogo yenu. Nakala yenu igongwe mhuri. Bila mhuri, siku ikitokea taabu mtaitwa genge.

Ulizeni mapema ni kituo gani hasa kinachowahudumia, kwa maana mipaka ya vituo haifuati kila mara mipaka ya wadi au kata, na mtu aliyeporwa akienda kituo kisicho chake atazungushwa mpaka akate tamaa.

Maombi ya maana ni afisa mmoja wa polisi jamii anayejulikana kwa jina na simu, na kikao cha kila mwezi. Msiombe kibali cha kubeba silaha wala cha kukamata watu. OCS hana cha kuwapa hapo, na atawatilia shaka tangu siku hiyo.

Wajumbe

Saba wanatosha. Wasiopungua watatu wawe wanawake. Awepo mpangaji, kwa sababu kamati za wenye nyumba peke yao hazijui nani amehamia chumba cha nyuma. Awepo dereva wa bodaboda wa stendi iliyo karibu, muuza duka, na kijana mmoja anayekaa maskani. Huyu wa mwisho wazee humkataa, na ndipo kamati inapokuwa kipofu: yeye ndiye anayejua nani ameanza kununua simu bila kazi.

Asiyefaa ni anayegombea udiwani au anayemfanyia kampeni mgombea, mwenye kununua skrepa, mwenye kuuza mnazi au dawa za kulevya, na yule anayependa kujulikana kuwa "mtu wa polisi". Huyo wa mwisho atawaponza. Watu wakishaona kwamba kusema na kamati ni kusema na polisi papo hapo, midomo hufungwa. Mpokea habari za siri awe mtu mtulivu ambaye hata kwake nyumbani hawajui anapokea.

Muda wa ujumbe uwe mwaka mmoja, na anayekosa vikao vitatu mfululizo abadilishwe.

Mahali kwanza, watu baadaye

Taa. Balbu ya LED ya wati 9 nje ya kila mlango wa tatu kichochoroni inatosha, ikiwekwa urefu wa mita 2.5 hadi 3 na kuelekezwa chini njiani. Taa kubwa inayomulika machoni humfanya mpita njia asione kilicho nyuma yake. Balbu hiyo ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, hutumia kama uniti 3 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 100. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi ndipo mzozo wa nani alipe unapozimisha taa, basi tokeni ya taa ya nje iingizwe kwenye kodi, na mwenye nyumba akubali mbele ya wajumbe.

Taa za sola ni nzuri lakini Mombasa zina maadui watatu: chumvi ya bahari inayokula skrubu za chuma cha kawaida, betri ya bei rahisi inayochoka haraka, na kunguru wanaopaka paneli kinyesi. Tumieni skrubu zisizoshika kutu, zifungwe juu ya mita 4, na mtu apewe kazi ya kufuta paneli kila wiki mbili. Taa za barabarani na zile mulika mwizi ni za kaunti; nguzo za umeme na waya ni za Kenya Power. Waya ukining'inia au nguzo ikianguka, taja namba iliyobandikwa kwenye nguzo unapopiga 97771. Taa ya barabarani ikifa, andika barua kwa kaunti kupitia mwakilishi wa wadi, na taja mahali pake kwa alama inayojulikana.

Magofu. Tafuteni mwenyewe kwanza kupitia kwa wazee na mawakala wa nyumba. Hana pesa za kujenga, lakini kuziba milango kwa matofali kwa kawaida atakubali, hasa akiandikiwa kwamba mtu ameporwa hapo. Akikataa, barua iende kwa chifu na kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, kwani gofu lenye taka na maji yaliyotuama ni kero ya kiafya pia.

Soko la vitu vya wizi. Teja haibi mita ya maji kwa sababu anaitaka mita. Anajua mahali pa kuipeleka kabla hakujapambazuka. Mtaa ukipoteza bomba, koki, vifuniko vya chemba na waya, shughulikieni mizani ya skrepa kabla ya kumshughulikia teja. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni na kumbukumbu za anachonunua na amenunua kwa nani, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa muda baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Mwendeeni mwenye kibanda watu watatu, kwa heshima, mumwambie mtaa unahesabu koki zake na kwamba atakayeuziwa mita atatajwa kituoni. Wengine huacha hapo hapo. Asiyeacha, peleka habari kwa afisa wenu: kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14.

Simu nazo zina soko lake. Kila mtu abonyeze *#06#, aandike namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, kwenye karatasi na kuiweka pamoja na risiti na boksi. Bila namba hiyo polisi hawana la kufuatilia. Wambieni vijana pia kwamba simu nzuri ya shilingi 3,000 isiyo na boksi inaweza kumpeleka mnunuzi seli, kwani inapofuatiliwa hupatikana mfukoni mwake na siyo kwa aliyepora.

Kamsa na mawasiliano

Firimbi hushinda simu, kwa sababu haina betri wala bando. Moja kwa kila nyumba, na ishara mbili tu, maana zikizidi watu huzisahau: mlio mrefu mmoja maana yake washeni taa za nje na muangalie dirishani, mifupi mitatu inayorudiwa maana yake kuna shambulio. Watu wasitoke mmoja mmoja. Zikiwaka taa zote kwa pamoja na sauti zikasikika kila upande, mwizi wa kawaida ataondoka. Fanyeni jaribio mchana wa Jumamosi, baada ya kuwaarifu majirani na kituo. Watoto wakatazwe kuzichezea, la sivyo mwezi wa pili hakuna atakayeshtuka.

Grupu la WhatsApp liwe na masharti yaliyobandikwa juu: hakuna siasa, hakuna salamu za asubuhi, hakuna habari za mitaa mingine, na hakuna kabisa picha ya mtu ikiitwa "huyu ni mwizi". Picha kama hiyo imeshawafanya watu wakapigwa bure mahali pengi. Anayeisambaza anaweza kuulizwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na pengine chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 pia. Kisichohitaji watu wote kukijua kisiingie kwenye grupu. Chukulieni kwamba mwizi yumo, au mpwa wake yumo.

Unapopiga 999 au 112, au simu ya kituo, usianze kwa kulia wala kwa historia. Sema hivi: "Niko Mishomoroni, nyuma ya msikiti fulani, uchochoro wa pili kutoka lami. Wanavunja duka sasa hivi. Ni wanne, wana mapanga mawili. Hakuna aliyeumia." Jina lako liwe la mwisho. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Kwa habari isiyo ya dharura ambayo hutaki ijulikane imetoka kwako, idara ya upelelezi ina laini ya bure, 0800 722 203.

Mali ikiibwa au mtu akiumizwa, nenda kituoni uandikishe, na usiondoke bila namba ya OB. Aliyejeruhiwa aombe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha na hutolewa kituoni bila malipo. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, ndani ya saa 72 na kila anavyowahi ndivyo bora, bila kuoga wala kufua nguo, na nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi au gazeti, kwani ndani ya mfuko wa plastiki huota ukungu na ushahidi huharibika. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa hao, na simu ya bure ya 1195 hupokelewa usiku na mchana. Kesi ya ubakaji au ya kunajisi mtoto si ya wazee kuimaliza barazani, hata familia mbili zikikubaliana.

Doria, ikibidi

Ikiwa daftari bado linaonyesha saa na mahali panapokataa kutulia, pangeni doria ya hapo na saa hizo tu. Saa 12 na nusu jioni hadi saa tatu usiku, halafu saa kumi hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni zamu ambazo binadamu anaweza kuzimudu. Watu wasipungue wanne, wawe na tochi na vizibao vya kung'aa vya bodaboda, na orodha ya zamu ifikishwe kituoni kila Ijumaa ili gari la polisi lisiwachukue ninyi. Mtu mmoja asipangwe zaidi ya mara moja kwa wiki.

Kisheria doria ni raia wa kawaida. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wanaweza kumkamatia bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kwamba ametenda kosa kubwa la jinai. Cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Ni hayo tu. Hakuna kudai kitambulisho, kupekua mfuko, kumuuliza mwanamke anatoka wapi saa hizi, kuwafukuza vijana barazani kwao, wala pingu na mapanga. Doria ikianza kuuliza vitambulisho, wiki ya tatu itakuwa inaokota hamsini hamsini, na hapo mtaa una magenge mawili.

Likija kundi lenye mapanga, kama yale ya vijana wadogo yaliyowahi kuhangaisha Kisauni, doria haitoki kupigana. Kazi yake ni firimbi, taa, kuwaingiza watu madukani, na simu kituoni. Makundi hayo hukata mtu yeyote aliye mbele wakikimbia, na dakika zake ni chache. Baada ya kupita, mjumbe mmoja aandike: wangapi, nguo gani, waliongozwa na nani wa umri gani, waliingilia na kutokea wapi, nani aliwapokea.

Mwizi akikamatwa

Huu ndio usiku ambao kikundi hufa au hukomaa. Wateueni mapema watu wawili, wenye sauti na heshima, ambao kazi yao pekee siku hiyo ni kumzunguka aliyekamatwa ili asipigwe. Akaliswe chini ndani ya ua au dukani, mlango ufungwe, umati ubaki nje. Simu ipigwe. Alichokamatwa nacho kiachwe kilipo au kishikwe na mtu mmoja kwa kitambaa, siyo kupitishwa mkono kwa mkono. Akifia mikononi mwa umati, kila aliyenyanyua jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Tena mwizi aliyekufa hataji mnunuzi wake.

Watu wengi hukasirika wakimwona mshukiwa mtaani siku tatu baadaye, na kauli inakuwa "wamehonga". Huenda ni kweli. Lakini kuna sababu mbili za kawaida kuliko hiyo. Ya kwanza ni dhamana, ambayo ni haki yake chini ya kifungu cha 49 cha Katiba, pasipo sababu nzito ya kumnyima. Ya pili ni ninyi. Kifungu hicho hicho kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, wikendi na sikukuu zikisogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, na kama mlalamishi hakurudi kuandika taarifa, polisi hawana cha kupeleka. Kwa hiyo usiku uleule mjumbe mmoja awasindikize mwathiriwa na mashahidi wawili kituoni wakaandike taarifa zao na kuzisoma kabla ya kutia sahihi. Tarehe ya kesi iandikwe kwenye daftari, na nauli ya shahidi kwenda kortini itoke kwenye mfuko wa mtaa. Kesi nyingi hufia hapo, kwenye nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Kamera za maduka zina utaratibu wake. Mashine hufuta picha za zamani zenyewe, nyingine baada ya wiki moja tu, basi muombe mwenye duka anakili siku hiyo hiyo. Angalieni saa ya mashine na saa halisi, mkaandike tofauti. Mwenye mashine ndiye atakayetia sahihi cheti kinachodaiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Video iliyokuja kwa kurushwa rushwa kwenye simu haina wa kuisimamia.

Afisa akidai "mafuta ya gari" ili aje, usilipe. Andika saa, namba ya gari na jina. Rushwa huripotiwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kwa 1551, na afisa aliyempiga au kumuumiza mtu huripotiwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo ina ofisi Mombasa. Mkihofia kwenda peke yenu, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yamezoea kusindikiza watu katika mambo hayo.

Vijana wa maskani

Maskani ni mahali pa kahawa, bao, mpira na umbea, na vijana wengi walioko hapo hawajaiba hata kijiko. Kuivunja maskani ni kuwatawanya wasionekane. Wapeni kazi inayojulikana: kusindikiza wachuuzi wa alfajiri hadi lami kwa posho ndogo, kutunza taa, kuosha mtaro. Afadhali shilingi 200 kwa kijana wa zamu kuliko 20,000 za mlango mpya.

Mtoto chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na aliyezidi hapo akiwa bado mtoto anaweza kuelekezwa nje ya mahakama. Makundi ya mapanga huwatumia watoto, na mzazi mara nyingi huwa wa mwisho kujua. Dalili ni simu asiyonunuliwa, kutoroka madrasa na shule siku hizo hizo, jina jipya la utani, panga au kisu kilichofichwa darini. Anayekwenda kumwambia mzazi awe shangazi, mwalimu wa madrasa au mchungaji, siyo kamati nzima mlangoni. "Mama, nimekuja kwa ajili ya mtoto wetu" hufungua mlango ambao "mwanao ni mwizi" huufunga. Mtoto akihitaji msaada zaidi, namba ni 116, bila malipo.

Kwa mateja, kipigo hakijawahi kumwachisha mtu unga. Kisauni kuna kliniki ya serikali ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu unga, na mashirika ya MEWA na Reachout hufanya kazi ya kuwafikia na kuwatibu watumiaji. Teja anayekunywa dozi yake kila asubuhi hana haja ya koki yako ya saa kumi alfajiri. Mpangeni jamaa mmoja wa familia amsindikize siku za mwanzo, ambazo ndizo anazotoroka.

Pesa

Shilingi 100 kwa nyumba kwa mwezi, zilipwe kwa namba moja ya M-Pesa ya kikundi yenye watia sahihi wawili, na hesabu ibandikwe ukutani kila tarehe 5. Mkiajiri soja, awe amesajiliwa na PSRA, mamlaka ya ulinzi wa kibinafsi, apewe mkataba, na alipwe na mtaa, siyo na mkubwa mmoja, kwani atalinda geti la anayemlipa. Pesa zisitumike kuwapa polisi chochote.

Kila miezi mitatu fungueni daftari mlinganishe. Matukio yakipungua hapa na kuongezeka uchochoro wa pili, hamjamaliza kazi, mmewasogeza wezi tu, na hapo mnahitaji kamati ya jirani. Mahali palipotulia miezi mitatu, simamisheni doria kabla watu hawajaichoka. Na OCS akihamishwa, jambo ambalo hutokea mara kwa mara, pelekeni wiki hiyo hiyo kwa mgeni nakala ya barua yenye mhuri na muhtasari wa daftari wa ukurasa mmoja.